Mbirimbi wa Uani: Tunda Chachu la Ng'ambo

Historia ya mimea ya Unguja imezoea kuandikwa kwa mkarafuu. Tunajua kwamba Seyyid Said aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu; tunajua kodi, bei na bandari zilizopokea karafuu zetu. Mbirimbi haukuamriwa na mtu. Haukutozwa kodi wala kupakiwa melini kwa magunia. Ulikaa uani, ukalisha watu, na kwa ajili hiyo hasa nauona unastahili kurasa zake.

Asili yake ni visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, pande za Maluku, Indonesia. Ulivuka Bahari ya Hindi ukaota India, Shelisheli, Komoro na pwani yetu yote. Mwaka 1793 ulichukuliwa kutoka Timor ukafikishwa hata Jamaika. Linnaeus, alipouorodhesha mwaka 1753, aliipa jamii yake jina la Averrhoa kumuenzi Ibn Rushd, tabibu na mwanafalsafa wa Cordoba aliyefariki mwaka 1198.

Ua ninaouzungumzia ni wa Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa katika karne ya 20. Kule mjini nyumba za mawe ziliegemeana. Ng'ambo walijenga kwa fito, udongo na makuti, na nyuma ya nyumba ukabaki ua: jiko, pahala pa kufulia, mti mmoja au miwili. Mbirimbi ulifaa sana hapo. Ni mti mdogo, kwa kawaida hauzidi mita 10, na huota kwa mbegu. Unataka jua, mvua za kutosha na udongo usiotuamisha maji. Baridi hauiwezi, nasi hatuna baridi ya kuutisha. Maua yake mekundu hutoka kwenye shina lenyewe na matawi manene, kwa hiyo matunda huning'inia kwa vishada pale mkono unapofika. Mama mwenye chungu motoni hana haja ya kutafuta mtu wa kumpandia.

Na chungu ndicho makao yake. Birimbi likikatwa kwa urefu likatiwa kwenye mchuzi wa samaki pamoja na tui jepesi, hulainika na kuacha ukali wake mchuzini. Tui zito hufuata mwisho. Kwa papa au pweza halina mfano, na ndimu, pamoja na heshima yake yote, haiwezi kushika nafasi hiyo kwa sababu haina nyama ya kutafunwa. Msimu ukijaa, mabirimbi hukatwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, kisha huwa achari kwa pilipili na thomu, ya kuliwa na wali miezi ijayo. Watoto huyala mabichi kwa chumvi na pilipili. Maji yake hung'arisha shaba na kutoa madoa ya kutu nguoni.

Ukali huo unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya oksaliki, nao una mipaka. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, walieleza habari za wagonjwa walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya mabirimbi kama dawa. Machache mchuzini ni chakula. Gilasi nzima ni hatari, na mwenye maradhi ya figo ajiepushe kabisa.

Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, yaliwapa watu wa Ng'ambo maji na umeme, lakini ghorofani hakuna ua. Mitaani nako, familia ikikua, chumba huongezwa uani na mti ndio unaotangulia kukatwa. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na milango yake imehesabiwa na kupigwa picha. Miti ya uani ya Ng'ambo nayo ihesabiwe, na mapishi yake yaandikwe wakati mabibi zetu wangali wanapika. Wewe uliyebakiwa na kipande cha ua Jang'ombe, fukia mbegu ya birimbi masika haya.