Ufukara Uliohifadhi Lavenham
Wanaozisifu nyumba za mwaloni za Lavenham, mji wa soko wa zamani huko Suffolk, Uingereza, hudhani wenyeji wa kale walikusudia kuzitunza. Ushahidi unaonyesha vinginevyo: zilitunzwa na ufukara. Katika kodi ya mwaka 1524 mji huu mdogo ulihesabiwa miongoni mwa miji tajiri zaidi nchini, kwa sababu ya kitambaa chake cha sufu cha buluu. Utajiri huo ndio uliojenga nyumba zile na jumba la chama cha kidini cha Corpus Christi, lililojengwa takriban mwaka 1529. Kisha wafumaji wa mji wa Colchester, waliojifunza kufuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu kutoka kwa wakimbizi wa Flanders, wakawapokonya wafumaji wa Lavenham soko. Fedha za kubomoa na kujenga upya kwa matofali, kama walivyofanya matajiri kwingineko, hazikuwapo.

Itasemwa kwamba ufukara huangusha nyumba. Ni kweli, zikiachwa tupu. Hizi hazikuachwa. Jumba la chama liligeuzwa gereza, baadaye makao ya kufanyishia kazi maskini. Na madirisha ya duka la enzi ya Tudor, yenye matao, yangalipo, ambako muuzaji alipanga bidhaa dirishani na mnunuzi akasimama barabarani.