Hesabu ya Miraba

Wako vijana wa Bukoba na Muleba wadhanio kwamba usanifu wa picha kwa kompyuta ni elimu ngeni, isiyoanza mpaka chombo kinunuliwe. Historia yakanusha. Huko Bwanjai, ambako zamani kulikuwa Wilaya ya Bukoba na leo ni Missenyi, wachoraji wa kale waliacha majabalini alama za rangi nyekundu, chache na za mkato. Msukaji wa mkeka naye huhesabu chane, hii juu, ile chini, hata pambo litokee. Mwaka 1983 kampuni ya Apple ilimwajiri Susan Kare, msanii asiyepata kuchora kwa kompyuta. Alianza kwa daftari la miraba: kila alama miraba 32 kwa 32, yaani 1,024, ama mweusi ama mweupe. Januari 1984 alama zake zilitoka pamoja na Macintosh.

Basi mwanafunzi na aanze kwa kalamu na karatasi ya miraba. Achore mgomba, kisha afute kila kisichohitajiwa, maadamu mtu aliye mbali bado autambua. Kompyuta, siku aipatapo, itampa wepesi; jicho la kuchagua hana budi kuja nalo mwenyewe.