Kibuyu na Pakiti

Msomaji, kabla hujaitupa pakiti ya maziwa ya kudumu uliyokwisha kunywa, ichane uitazame ukingoni. Utaona karatasi ngumu, na upande wa ndani utando unaong'aa kama fedha. Lakini jicho lako halitayahesabu matabaka yote, kwa kuwa kwa kawaida ni sita: polithini, karatasi, polithini tena, aluminiamu iliyo nyembamba kuliko unywele, kisha polithini mara mbili mahali panapogusa maziwa. Jinsi kitu hiki kilivyofika Nakuru, na sababu ya kuwa kikifika hakiondoki, ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Watu wa Bonde la Ufa walikuwa na chombo chao tangu kale. Wakalenjini walitia maziwa katika kibuyu ambacho ndani kilikwisha kusuguliwa kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, yakagandia humo na kuwa mursik. Ukifikiri vema utaona kwamba hata kibuyu kilikuwa na matabaka mawili, ganda la nje na masizi ya ndani. Kilipopasuka kilitupwa shambani, na mvua za miaka michache zikakimaliza. Kasoro yake ilikuwa moja: hakikuweza kuyapeleka maziwa mabichi mbali yakafika yakiwa mabichi.

Haja ya kuyapeleka mbali ililetwa na walowezi. Mwaka 1925 walianzisha Naivasha chama cha ushirika cha maziwa, ndicho KCC, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa na sauti ndani yake. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakulima wadogo waliongezeka, na ng'ombe wa gredi wakajaa Njoro, Molo na Bahati. Maziwa yakawa mengi, nayo hayangoji.

Dawa ya shida hiyo ilitoka Sweden. Katika mji wa Lund, kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa na Ruben Rausing mwaka 1951, ilitoa mashine ya kufungia maziwa ndani ya karatasi iliyopakwa plastiki, katika umbo la pembe tatu. Baadaye iligunduliwa namna ya kuyapasha maziwa moto wa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha kuyafunga pasipo kuingiza kijidudu hata kimoja. Kila tabaka likapewa kazi yake: karatasi husimamisha pakiti, polithini huzuia maji, aluminiamu huzuia mwanga na hewa. Maziwa ya namna hiyo hukaa miezi bila barafu. Mwaka 1979 Rais Moi alipoanzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yaliyoitwa Maziwa ya Nyayo, vijipakiti vilifika hata kwenye shule zisizo na umeme. Waulize wazee wako. Wengi watakuonyesha kwa vidole zile pembe tatu. Sitaki, basi, uidharau pakiti. Iliwanywesha watoto ambao kibuyu kisingewafikia.

Ila sifa yake ndiyo iliyo taabu yake. Matabaka yameshikamanishwa kwa moto ili yasiachane kamwe, na anayetaka kuyatumia upya hana budi kuyaachanisha. Kiwanda cha karatasi huweza kuzilowesha pakiti na kuzipiga majini mpaka nyuzi za karatasi zitoke. Polithini na aluminiamu hubaki zimeng'ang'aniana, na aghalabu hukandamizwa kuwa mbao za kuezekea. Kazi hiyo yataka mashine za pekee na pakiti nyingi zilizokusanywa pamoja. Karatasi za viazi vya kukaanga na za biskuti ni mbaya zaidi, maana hazina hata karatasi ya kuokolewa: ni plastiki juu ya plastiki, na baina yake mvuke wa aluminiamu ulioganda. Mfuko laini wa maziwa una nafuu, kwa kuwa matabaka yake kwa kawaida ni ya polithini peke yake, nayo huyeyushwa pamoja.

Sasa nenda Gioto, kwenye jaa la Nakuru, mteremkoni mwa Menengai. Waokotaji huchagua chuma na chupa, ambavyo huuzwa kwa kilo. Karatasi ing'aayo huiruka, kwani haina mnunuzi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, vifungashio vya viwandani vilivyogusa chakula viliachwa. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zilikatazwa katika mbuga za wanyama, Ziwa Nakuru ikiwamo. Lakini mji umelala kati ya Menengai na ziwa, maji ya mvua huteremka, na ziwa hilo halina mto utokao.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 imemtwika mtengenezaji wajibu wa kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Mimi naona hapo ndipo penye haki, maana mwokotaji wa Gioto hakuyagandisha yale matabaka. Wakati huohuo, katika mitaa ya Nakuru kuna mashine za kuuzia maziwa kwa kipimo, ambazo mnunuzi huziendea na chombo chake mwenyewe mkononi. Maziwa hayo lazima yanywewe upesi, kama yale ya zamani.