Kasri la Eldoret Liko Chini ya Miguu Yako

Ukitaka kujua watu wa mtaa wanaogopa nini, angalia kuta zao.

Juzi nilikuwa natembea Elgon View na beshte yangu. Kama hujui Eldoret, huu ni mtaa wa wenye nazo. Ukuta wa mawe unaokuzidi kimo, nyaya za stima juu yake, geti nyeusi ya chuma isiyo na hata tundu la kuchungulia, kibanda cha soja, kamera. Nyumba inayofuata, hivyo hivyo. Beshte akacheka: "Hizi si nyumba, ni makasri ya Uingereza." Halafu akaongeza kitu kilichonikera: "Lakini wenzetu walijenga makasri ya ukweli zamani za kale. Sisi tulikuwa na nini?"

Sikuwa na jibu pale barabarani. Sasa ninalo, ila linaanzia kwa hao wenzetu.

Kasri tunalolijua ni la filamu: binti mfalme dirishani, bendera, farasi. Historia yenyewe si tamu hivyo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kule Ufaransa, alivuka bahari akaiteka Uingereza. Watu wake walikuwa wachache katikati ya wengi wasiowataka. Wakafanya nini? Wakajenga. Walirundika kilima cha udongo, wakasimamisha mnara wa mbao juu yake, chini wakatenga uwanja na kuuzungushia uzio na handaki. Baadaye mbao zikawa mawe. Mnara Mweupe wa London, ulioanza kujengwa miaka ya 1070, uliwekwa pale ili watu wa London wakiamka wakumbuke nani mkubwa.

Karne mbili baadaye, mfalme Edward I aliwafanyia Wales vilevile. Mwaka 1283, baada ya kuwashinda, alianza kujenga Conwy na Caernarfon. Mwaka 1295 akaanza Beaumaris, ambalo ni ukuta ndani ya ukuta mwingine. Ukifaulu kuuvuka wa kwanza, unajikuta katikati unamiminiwa mishale kutoka juu. Kasri hilo halikuwahi kumalizika. Leo watalii wanapiga picha hapo, lakini kwa Mwelisi wa wakati ule lilikuwa kama boma la mkoloni. Wanandi wanaijua hisia hiyo. Walipigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905, mwaka ambao Koitalel arap Samoei aliuawa, na Waingereza walijenga ngome zao huku pia.

Na msidhani kuta hizo zilikuwa hazishindwi. Mwaka 1215 mfalme John aliizingira Rochester, ambako wapinzani wake walikuwa wamejifungia. Watu wake walichimba chini ya kona ya mnara, wakaishikilia kwa nguzo za mbao, kisha wakazichoma kwa kutumia mafuta ya nguruwe 40. Kona ikaporomoka. Waliokuwa ndani walirudi nyuma ya ukuta wa katikati, wakaendelea kupigana, mpaka njaa ikawatoa. Kona ile ilipojengwa upya ilifanywa ya mviringo, tofauti na zile nyingine za mraba, kwa sababu mviringo ni mgumu zaidi kuvunja. Bado iko hivyo hadi leo.

Sasa turudi nyumbani, wakati huo huo.

Jina Sirikwa unalijua, hata kama ni kwa sababu ya hoteli ya hapa mjini. Kabla ya hoteli, Wasirikwa walikuwa wafugaji walioishi nyanda hizi za juu, kuanzia kama mwaka 1200 hadi karibu 1700. Walikuwa hapa kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu walioiachia kaunti yetu jina. Walichoacha nyuma ni mashimo. Yako Uasin Gishu, yako Kericho, yako Nakuru. Mengine yako machache pamoja, mengine ni makumi kwa makumi kwenye mteremko mmoja.

Wazungu walipoyaona mara ya kwanza, wengine walidhani watu waliishi ndani ya shimo. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, Nakuru, miaka ya 1930. Kisha miaka ya 1960 mtaalamu John Sutton akaeleza vizuri: shimo lilikuwa zizi. Nyumba ilikuwa kando yake.

Angalia lilivyopangwa. Unachagua mteremko. Unachimba duara la upana wa mita 10 hadi 20 hivi, na kina cha kumzidi mtu mzima. Mlango unauweka upande wa chini, mwembamba, ili maji na matope yatoke yenyewe. Samadi unaifagia nje, na mwaka baada ya mwaka inakuwa kilima kando ya mlango. Nyumba unaijenga ubavuni mwa zizi, na mlango wake unafunguka ndani ya zizi lenyewe. Kufika nyumbani lazima upitie kwa ng'ombe. Hapa Uasin Gishu, ambako mawe ni mengi, kuta za ndani ziliimarishwa kwa mawe yaliyopangwa bila simiti.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwizi wa mifugo. Ni usiku. Ng'ombe wako chini, hawawezi kuruka ukingo. Njia ya kutoka ni moja, wanapita mmoja mmoja, na wenyewe wamelala hapo hapo. Ukimgusa ndama mmoja, kelele zinaanza na kila mtu anaamka. Huna hata pa kukimbilia, maana mlango uliouingilia ndio huo huo.

Hiyo ni akili ileile ya Beaumaris: mwache adui aingie mahali ambapo hawezi kutoka. Tofauti ni kile walichokiogopa. Edward alikuwa mgeni aliyeogopa wenyeji, kwa hiyo alijenga kwenda juu ili aonekane. Msirikwa aliogopa kuibiwa ng'ombe, kwa hiyo alijenga kwenda chini. Ukiniuliza mimi, shimo ndilo kasri lenye heshima zaidi, kwa sababu hakulichimba ili kumtisha mtu nyumbani kwake.

Na hapa ndipo tunajikosea wenyewe. Kule Njoro kuna kasri la bwana Maurice Egerton, lililojengwa kati ya 1938 na 1954. Ni zuri, sikatai. Kila wikendi watu wanapiga picha za harusi hapo, na halijawahi kuzuia adui yeyote. Hyrax Hill iko kaunti hiyo hiyo. Una picha ngapi za Hyrax Hill kwenye simu yako?

Narudi Elgon View. Sisemi wabomoe kuta. Wizi upo, na hata mimi nikipata pesa nitaweka geti. Lakini ukuta una kazi moja tu, kumzuia mtu wa nje. Haukujulishi kwa jirani. Msirikwa alikuwa na zizi la jirani umbali wa kuita tu. Leo ukipiga kelele nyuma ya ukuta wa futi kumi, nani atajua ni wewe?

Hili si swali la mchezo katika mji huu. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati wa Desemba 2007 na Januari 2008, lakini nimekulia kwenye hadithi za siku zile. Katika zile nilizozisikia nyumbani kwetu, hakuna hata moja ambapo mtu aliokolewa na ukuta. Zote ni za jirani wa kabila lingine aliyefungua mlango usiku akasema, ingieni haraka. Rochester ilianguka na mawe yake yote. Mlango wa jirani ulishika.

Beshte yangu, jibu lako ndilo hili. Tulikuwa na makasri, ila ukitafuta mnara utayakosa. Na yanapotea sasa hivi. Shimo likipitiwa na trekta misimu kadhaa linajaa, na siku shamba likikatwa ploti, tingatinga inamaliza kazi kwa asubuhi moja. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inakutaka uripoti ukigundua mahali pa kale, lakini huwezi kuripoti kitu unachodhani ni dimbwi la zamani.

Kwa hivyo mkienda ocha likizo hii, muulize kogo kama kuna shimo la mviringo mahali kwenye mteremko, lenye mwanya upande wa chini. Likiwepo, simama ndani yake, pale mlangoni. Piga picha. Na kabla mtu hajalijaza, mwambie ni nyumba ya nani.