Vitabu vya Kiswahili visivyosikika sana, na namna ya kuvipata ukiwa Karatu au Ngorongoro

Ukimwomba mtu aliyemaliza kidato cha nne ataje vitabu vya hadithi anavyovijua, mara nyingi atataja vile alivyofanyia mtihani. Si kwamba vingine ni vibaya. Shuleni husomwa vitabu vichache vilivyopangwa. Kitabu kisichopangwa hakiulizwi dukani. Kisipoulizwa, muuzaji haagizi, na mchapishaji hakirudii. Hivyo ndivyo kitabu kizuri kinavyopotea.

Makala haya yanakutajia vichache vya aina mbalimbali, kisha yanaeleza namna ya kuvitafuta kwa simu yako.

Kitabu kilichosubiri miaka 35

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa kitabu kikubwa katika lugha yenye wasomaji wachache. Mwishowe alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki.

Ni habari za mume na mke wasiojaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani, na mume, badala ya kuoa mwingine, anakwenda kwa wakwe kumwomba upya. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, dawa za miti na adabu za ukweni. Anayejua uzito wa kwenda ukweni kuomba radhi atakielewa bila mwalimu.

Chagua kwa kile unachokipenda

Upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mwenye shamba anakutwa amekufa kwenye mzimu. Watu wananong'ona habari za mashetani, lakini Bwana Msa na kiko chake anatafuta ushahidi.

Maisha ya shamba: Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Mtu mwenye kazi nzuri mjini anaiacha na kwenda kulima. Kijana anayejiuliza kama abaki na shamba la vitunguu au aende Arusha kutafuta ajira ana la kufikiria hapa.

Kuhamishwa: Gamba la Nyoka (1979) cha Euphrase Kezilahabi, ambaye wengi wanamjua kwa Rosa Mistika. Kinahusu wanavijiji waliotakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Wazee wanaokumbuka Operesheni Vijiji wanaweza kusomewa, kisha waseme wao waliona nini.

Kazi na haki: Kuli (1979) cha Adam Shafi. Ni maisha ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948.

Ushairi: Sauti ya Dhiki (1973) cha Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mashairi haya aliyatunga akiwa amefungwa gerezani Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972.

Tamthilia: Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando. Wanawake wa kijiji wanajaribu kusimamisha nguzo, na kila mmoja ana kikwazo chake. Kikundi cha akina mama kinaweza kugawana sehemu na kuisoma kwa sauti.

Maisha ya mtu wa kweli: Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa katika familia maskini, akauza vyungu, kisha akawa mwimbaji aliyerekodiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928.

Vitabu viwili kuhusu ardhi yetu

Ukipita barabara ya ukingoni mwa kreta utaona mnara wa kumbukumbu ya Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard. Kitabu chao kinajulikana kwa Kiingereza kama Serengeti Shall Not Die, na kilisomwa sana duniani. Humo wanatetea hifadhi isiyo na makazi ya watu.

Kingine ni The Worlds of a Maasai Warrior (1986) cha Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Tanzania aliyechunga ng'ombe, akafanya kazi katika hifadhi ya Serengeti, kisha akasoma Marekani. Yeye anaieleza nchi hii kama nyumbani.

Kimoja kinaitazama ardhi kutoka angani, kingine kutoka bomani. Mjadala wa nani anastahili kuishi Ngorongoro haujaisha hadi leo, na anayesikia upande mmoja tu hawezi kuupima. Mwenye kijana anayesoma Kiingereza amwombe asome vyote viwili na kuwasimulia wa nyumbani.

Namna ya kuvipata

1. Andika jina la mwandishi na la kitabu kwa usahihi. Muuzaji hawezi kutafuta "kile cha mtu aliyeacha kazi mjini".

2. Anza na Maktaba ya Mkoa, Arusha, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Karatu ni kama kilomita 150 kutoka huko, kwa hiyo muombe ndugu aliye mjini akuulizie kabla hujapanda basi.

3. Ukinunua kwa simu, omba picha ya jalada na ya ukurasa wa kwanza kabla ya kutuma hela. Kubalianeni pia gharama ya kifurushi cha basi.

4. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Zipakue mahali penye mtandao mzuri, wazisome nyumbani hata bila bando.

5. Jihadhari na nakala zinazozungushwa WhatsApp. Nyingi zimenakiliwa bila ruhusa, na mwandishi hapati kitu.

6. Changeni. Watu watano wakinunua kitabu kimoja kila mmoja na kubadilishana, kila mtu amesoma vitano.

Hata ukikosa kitabu, kule kuuliza kuna faida. Muuzaji aliyeulizwa jina moja mara tatu ana sababu ya kuliagiza. Kitereza alisubiri miaka 35 apate mchapishaji. Sasa kitabu chake kinasubiri wa kukiulizia.