Daktari Moritz Kaposi na Wagonjwa Wachache

Ugonjwa wa ngozi una taabu mbili: maumivu ya mwili, na macho ya watu. Mwenye kuumwa tumbo aweza kuficha ugonjwa wake. Mwenye ugonjwa wa ngozi hawezi, na mara nyingi hutengwa kabla ya kuulizwa limpatalo ni nini. Kwa hiyo twapenda kumkumbuka mtu aliyewatazama wagonjwa hao kwa uangalifu.

Moritz Kaposi alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Kaposvár, nchi ya Hungaria. Jina la jamaa yake lilikuwa Kohn, lakini mwaka 1871 akatwaa jina jipya kwa kufuata mji aliozaliwa. Alijifunza udaktari huko Vienna, akawa mwanafunzi wa Ferdinand von Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi, kisha akamwoa binti yake. Hebra alipofariki mwaka 1880, Kaposi ndiye aliyeshika mahali pake.

Mwaka 1872 aliandika habari za wanaume watano wenye mabaka na vinundu vyekundu ngozini, akaonyesha ya kuwa hiyo ni kansa ya namna ya peke yake. Tena, yeye na Hebra walieleza ugonjwa wa watu ambao ngozi yao huharibiwa na jua tangu utoto, ikakauka na kuwa na madoadoa, hata kansa ikaingia.

Labda wengine waliuliza: wagonjwa watano wana faida gani? Jibu lilikawia. Mwaka 1968 James Cleaver, huko Marekani, alionyesha ya kuwa miili ya wale waharibiwao na jua haiwezi kutengeneza vema madhara ya mwanga wake. Na ile kansa, iliyokuwa adimu Ulaya, ilionekana kwa wengi huku Uganda. UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980, ikazidi sana. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kiletacho kansa hiyo. Leo dawa za UKIMWI husaidia kuipunguza.

Kaposi alifariki mwaka 1902, asiijue sababu yake. Aliloweza ni kutazama vema na kuandika kweli. Waliomfuata wakaanzia hapo.

Basi, walimu, mtoto akija shuleni na doa geni mwilini, na tumpeleke kwanza hospitali, kabla maneno ya watu hayajamfikia.