Maandalizi ya utawa wa Kibuddha

Maandalizi ya utawa wa Kibuddha ni kipindi ambacho mtu hufundishwa na kupimwa kabla ya kupokewa katika Sangha, yaani jumuiya ya watawa. Katika madhehebu ya Theravada, yaliyoenea Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia, hatua ni mbili: pabbajja, inayomfanya mtu kuwa mnovisi mwenye kushika amri 10, na upasampada, inayomfanya bhikkhu, mtawa kamili.

Masharti. Vinaya, sheria ya watawa, inataka mwombaji wa upasampada awe ametimiza miaka 20, ikihesabiwa tangu kutungwa mimba. Awe na idhini ya wazazi, asidaiwe, wala asiwe katika utumishi wa mfalme. Anahitaji pia bakuli la kupokelea chakula, mavazi ya kitawa na mlezi aliyedumu utawani angalau miaka 10.

Mafunzo. Katika Wat Pah Nanachat, monasteri ya msituni nchini Thailand iliyoanzishwa na Ajahn Chah mwaka 1975 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, mwombaji hunyolewa, huvaa nguo nyeupe na kushika amri 8 kwa miezi kadhaa kabla ya kuwa mnovisi. Hujifunza kutafakari, kutumikia wenzake na kukariri ibada kwa Kipali.

Baada ya kupokewa. Bhikkhu hufuata kanuni 227 na huishi chini ya mwalimu angalau miaka 5.

Afrika Mashariki. Bhante Buddharakkhita wa Uganda, aliyepata upasampada mwaka 2002 nchini Marekani, alianzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda mwaka 2005.